Mwili Ukigoma Ugenini

  

Leo tuzungumze juu ya marathoni. Habari za ushindi hutufikia zenyewe, kwa hiyo sitakaa nazo sana. Nataka tuingie katika sehemu ile tusiyoiona: katikati ya mbio, nchi ya watu, mtu amebakiwa na kilomita kumi au ishirini, mguu umekaza, pumzi haitoshi, na kichwani kuna sauti inamwambia aache. Hapo kunatokea nini? Anayeendelea anaendelea kwa nguvu gani? Na anayeacha, tumpokeeje akirudi nyumbani?

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kwa aliyeko Dar es Salaam, ni karibu sawa na kutoka Posta mpaka Kibaha kwa miguu, tena kwa mbio, bila kukaa kitako hata mara moja. Basi kaa na umbali huo kichwani, nikupeleke Mexico.

Ni Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, Michezo ya Olimpiki. Wakimbiaji 75 wamepangwa kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya jiji, uitwao Zócalo. Kati yao yumo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Roma 1960 na bingwa wa Tokyo 1964, mtu aliyeshinda Roma bila viatu. Yumo Naftali Temu wa Kenya, ambaye wiki moja tu kabla ya hapo ametwaa dhahabu ya mita 10,000. Na yumo kijana wetu kutoka Mbulu, John Stephen Akhwari, amevaa jezi ya Tanzania.

Mbio zilianza saa tisa alasiri kwa saa za kule. Hapa kwetu ilikuwa saa ngapi? Ilikuwa saa sita usiku! Tafakari jambo hilo, msikilizaji. Mwili uliozoea saa za Mbulu unaambiwa uanze kazi ngumu kuliko zote wakati ambapo Mbulu nzima imelala. Wataalamu wa safari za wanamichezo hukadiria kwamba mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ili uzoee. Kati ya Tanzania na Mexico City tofauti ni saa tisa.

Halafu kuna mwinuko. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Utasema, lakini Mbulu nako ni juu, nako ni nchi ya vilima na baridi. Ni kweli. Hata hivyo Mexico City iko juu zaidi, na mwili haudanganyiki. Misuli ya Akhwari ikaanza kukaza mapema. Wale waliowahi kukazwa na misuli ya mguu usiku kitandani wanajua maumivu yake: unaruka, unaushika mguu, unaukanda mpaka uachie. Sasa mkimbiaji yeye hana kitanda wala wa kumkanda. Anakimbia nao hivyo hivyo.

Walipofika karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakisukumana kutafuta nafasi, Akhwari akaanguka. Goti likaumia vibaya na kuteguka, bega likagonga barabara kwa nguvu. Akahudumiwa, akafungwa bandeji.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kilomita 19 zimeisha. Zimebaki ngapi? Zimebaki 23. Wale waliokuwa wakimsukuma wamekwenda, mgongo wa mwisho umepotelea mbele. Goti halikunjiki sawasawa. Barabarani watu wanapiga kelele kwa Kihispania, lugha asiyoijua. Na Bikila mwenyewe, bingwa wa mabingwa, mguu ulikuwa umemshinda akajitoa kabla mbio hazijafika nusu. Je, nani angemlaumu Akhwari kama naye angeingia kwenye gari akarudishwa kijiji cha wanamichezo? Hakuna. Siku ile wakimbiaji 18 walijitoa, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye majina makubwa kuliko lake.

Yeye aliinuka akaendelea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akapokea dhahabu yake, Mjapani Kenji Kimihara akapokea fedha, Mike Ryan wa New Zealand akapokea shaba. Sherehe ikaisha. Jua likazama. Watu wakaanza kutoka uwanjani, wamebaki wachache. Ndipo mlangoni akaonekana mtu mmoja anakuja kwa kuchechemea. Filamu ya siku ile ipo, na ukiitazama usitazame uso peke yake, tazama mguu wa kulia: bandeji imezungushwa gotini, imelegea, kipande chake kinaning'inia na kupepea kila anapokanyaga. Anakimbia hatua chache, anatembea, anakimbia tena. Waliobaki uwanjani wakaanza kumpigia makofi, makofi yakakua. Alivuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Waandishi walipomuuliza kwa nini hakuacha, aliwajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Linafundishwa shuleni, linasomwa makanisani, linarudiwa na makocha wa nchi ambazo pengine haziwezi kuionyesha Mbulu kwenye ramani. Mwaka 1983 nchi ilimtunukia nishani, na ilikuwa haki yake kabisa.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu nina jambo nayo. Habari ya Akhwari tumeizoea kama habari ya moyo. Ni kweli, moyo ulikuwepo. Lakini ndani ya habari hii kuna mwili pia, na kuna kichwa, na kuna nchi iliyomtuma. Tukikaa kwenye moyo peke yake, tunaishia kupiga makofi, na keshokutwa tunamtuma kijana mwingine ugenini vilevile. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na nitalirudia.

Tuanze na mwili. Kwa nini marathoni huwa mbaya zaidi mwishoni? Mwili unatunza akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, iitwayo glaikojeni. Akiba hiyo inatokana na vyakula hivi hivi vyetu: ugali, wali, viazi, uji. Inatosha kwa muda fulani tu. Kwa wakimbiaji wengi huanza kuisha kati ya kilomita ya 30 na ya 35. Ikiisha, mwili hugeukia mafuta. Mafuta yapo mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini huungua polepole na hudai oksijeni nyingi zaidi. Basi ghafla kasi inaanguka. Wakimbiaji husema wamegonga ukuta, na ukiwaona utaamini: mtu aliyekuwa anateleza vizuri dakika tano zilizopita sasa mabega yamepanda, kichwa kimelala upande, miguu inaburuzwa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ubongo nao hutegemea sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo sukari inapopungua, haiumizi miguu tu, inachafua na fikra. Mtu anashindwa hesabu rahisi ya kilomita zilizobaki. Anakasirika bila sababu. Wengine hulia. Wengine huingiwa na huzuni nzito wasiyojua imetoka wapi, wakaanza kujiona hawana thamani, wakajiuliza waliacha watoto nyumbani kwa ajili ya nini. Msikilizaji, huyo si mtu dhaifu. Huyo ni mtu ambaye ubongo wake una njaa.

Mwanasayansi mmoja wa Afrika Kusini, Tim Noakes, ameeleza kwa miaka mingi kwamba ubongo humpunguzia mtu kasi kabla mwili haujafika mwisho wake kabisa, ili kumkinga asijiue. Wenzake wengine wanabishana naye juu ya namna jambo hilo linavyofanyika. Lakini mkimbiaji yeyote wa mbio ndefu atakuambia ameliona: alikuwa hawezi hata kuinua mguu, akauona uwanja, akasikia watu, akakuta ana nguvu za kukimbia mita mia mbili za mwisho. Nguvu hizo zilikuwa wapi? Zilikuwepo. Ubongo ulikuwa umezifungia.

Na hapa ndipo ugenini unapoingia. Ukikimbia Moshi au Arusha, mlima unaujua, jua unalijua, na barabarani kuna mama anayeuza ndizi atakayekuita mwanangu, kaza, umefika! Kauli ile moja inaufungua mlango. Sasa upo Ulaya, au Marekani, au Japani. Watu wanashangilia, tena kwa wema kabisa, lakini maneno yao yanakupita. Hakuna anayelijua jina lako. Na ukuta ukishaugonga, upweke huo unakuwa mzito kuliko kilomita.

Ngoja niwape mfano mdogo wa meza ya vinywaji, maana wengi huiona kwenye televisheni bila kuijua. Katika mashindano makubwa, kila baada ya kilomita tano kuna meza. Mkimbiaji wa daraja la juu huandaa chupa zake mwenyewe siku moja kabla, akachanganya kinywaji chake, akazitia alama ili azitambue kwa mbali: utepe mwekundu, kijibendera, kipande cha waya kilichopindwa juu kama mpini ili kidole kikamate upesi. Anafika mezani kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa. Chupa zimesimama nyingi. Ana sekunde moja. Akiikosa, au aliyetangulia ameiangusha, hawezi kurudi. Atangoja kilomita tano nyingine. Kwa mtu mwenye kocha na timu, kuna anayemwonyesha na kumpigia kelele kwa lugha yake chupa ilipo. Kwa aliyekuja peke yake, kukosa chupa mbili mfululizo kunatosha kumharibia miezi sita ya mazoezi.

Hali ya hewa nayo ina hukumu zake. Boston, Aprili 2018, ilinyesha mvua ya baridi kali na upepo wa kuja usoni. Wengi waliotegemewa walijitoa njiani wakitetemeka. Bingwa mtetezi, Geoffrey Kirui wa Kenya, aliongoza mpaka mbio zikaribie kwisha, baridi ikamshika, akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi aliyemwacha kwa zaidi ya dakika mbili. Mwaka uliofuata, Doha, kinyume chake. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa usiku wa manane ili kukwepa joto, na bado joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mzito. Waliondoka wanawake 68. Waliojitoa walikuwa 28. Wapo waliobebwa kwa machela. Wanawake hao walikuwa wawakilishi wa nchi zao, walioruka kwenda Qatar kwa heshima, wakakuta mwili umekataa.

Tuwaite wameshindwa? Mimi nakataa kabisa.

Wasikilizaji, kuna swali gumu ambalo habari ya Akhwari inatuachia, na heshima yetu kwake isituzuie kuliuliza. Je, kila mara ni sahihi kuendelea? Mwaka 1984, Los Angeles, wanawake walikimbia marathoni ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mswisi Gabriela Andersen-Schiess aliingia uwanjani amepinda upande, mkono mmoja umelegea, anayumba kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Madaktari walikuwa hatua chache kando yake. Wakimgusa, anaondolewa mashindanoni. Yeye akawapungia mkono wasimguse. Wakamtazama, wakaona bado anatoka jasho, maana yake mwili ulikuwa bado unajitahidi kujipoza, wakamwacha. Mzunguko ule mmoja wa mwisho ulimchukua karibu dakika sita, akaangukia mikononi mwao baada ya mstari. Alipona. Lakini dunia iliyokuwa ikitazama ilijiuliza: na kama asingepona? Baadaye kanuni zikarekebishwa ili daktari aweze kumpima mkimbiaji njiani bila kumpotezea haki yake ya kuendelea.

Ona tofauti. Maumivu ya uchovu ni jambo moja, na hatari ya mwili ni jambo jingine. Uchovu unaweza kubishana nao. Goti lililoteguka, jasho lililokauka ghafla kwenye joto, kizunguzungu, kuchanganyikiwa usijue uko wapi, maumivu ya kifua: hayo si ya kubishana nayo. Nasema tena, hasa kwa vijana wanaonisikiliza na ambao wamejiandikisha mbio za mwaka huu: uchovu utabishana nao, hatari huwezi.

Na ushahidi kwamba kusimama kunaweza kuwa na heshima, tunao. Paris, Agosti 2024. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa Rio na wa Sapporo, mtu wa kwanza kukimbia umbali huu chini ya saa mbili katika jaribio lile la Vienna la mwaka 2019. Mgongo ukamkamata. Akapunguza, akaachwa, akatembea, na baada ya kilomita ya 30 akasimama. Katika maisha yake yote ya marathoni hakuwahi kujitoa. Alifanya nini? Alivua viatu akawapa watu waliokuwa pembeni ya barabara, soksi pia, na namba ya kifuani. Akaondoka bila kugombana na mtu. Walikuwapo mitandaoni waliomsema vibaya. Wengi zaidi walimheshimu, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo Akhwari alimaliza akiwa na jeraha, Kipchoge alisimama akiwa na jina. Nikiulizwa yupi ni shujaa, nitajibu wote wawili, kwa sababu kila mmoja alifanya uamuzi wake mwenyewe akiwa peke yake barabarani, na hakuna kati yetu aliyekuwa ndani ya mwili ule.

Sasa nirudi kwetu. Nilisema nchi inayomtuma mtu nayo imo katika habari hii. Akhwari alitamka neno nchi kwa moyo wake wote. Yeye alitimiza sehemu yake. Sehemu yetu ni ipi?

Mwanariadha wa mbio ndefu anahitaji kufika mapema kule anakokwenda, ili saa za mwili zigeuke na mapafu yazoee. Tiketi ya kufika juzi yake ni nafuu kwa anayeilipa, na ni ghali kwa anayekimbia. Anahitaji mtu wa kumkanda misuli, na daktari anayeijua historia ya mwili wake. Anahitaji kocha amesimama kilomita ya 30, anayeweza kumwita kwa jina. Na anahitaji mtu wa kuzungumza naye juu ya hofu. Hili la mwisho bado tunalionea haya. Mtu akisema kichwa hakiko sawa kabla ya mbio, tunamwambia ajikaze. Kujikaza anakujua kuliko sisi! Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Mbulu au Arusha kukimbia kilomita thelathini hahitaji kufundishwa kujikaza. Anahitaji mazoezi ya akili kama anavyohitaji mazoezi ya miguu: kuzigawa kilomita vipande vidogo, kujiandalia maneno ya kujiambia wakati sauti ile mbaya inapoanza, na kujua mapema, kabla ya kuondoka, atasimama akiona dalili gani.

Huko Kenya, kambi kama ile ya Kaptagat alikojengwa Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang imelijua jambo hili siku nyingi. Watu wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanakimbia pamoja. Siku ya mashindano mkimbiaji anaingia barabarani akiwa na watu nyuma yake, hata kama hawaonekani.

Nasi tunao watu wa kutuonyesha njia. Juma Ikangaa alikwenda Boston mwaka 1988 akashindwa kwa sekunde moja na Ibrahim Hussein wa Kenya. Sekunde moja baada ya kilomita 42! Akarudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, akawa wa pili tena. Ni maumivu gani ya kichwa hayo, kurudi kwenye barabara ile ile iliyokunyima mara mbili? Na katikati ya hayo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde moja.

Na Alphonce Simbu, huyu tuliye naye leo, askari wa Jeshi letu la Wananchi, mtoto wa Singida. Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017 akapata shaba ya dunia. Paris 2024 akawa wa 17, na hapo wako waliodhani amekwisha. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Kisha Septemba 15, Tokyo, kwenye joto na unyevu, akaingia uwanjani akiwa na Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Mjerumani alikuwa mbele zimebaki hatua za kuhesabika. Simbu akambana mpaka mstarini. Muda wao ulisomeka sawa, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, mpaka kamera ilipotenganisha vifua vyao: sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Tulishangilia sana siku ile, na ilistahili. Nakumbusha tu kwamba mtu yule yule, mwaka mmoja kabla, alikuwa wa 17, amechoka, ugenini. Siku kama ile ya Paris ndipo mtu anapohitaji watu wa kuwa pamoja naye.

Dakika zinaniishia, kwa hiyo niseme machache kwa wewe unayekimbia kwa kupenda tu, hukimbilii medali, na umepata nafasi ya kwenda kukimbia nje. Kula chakula unachokijua, usijaribu kigeni usiku wa kuamkia mbio. Tegla Loroupe wa Kenya, mshindi wa New York mara mbili, alifika Sydney mwaka 2000 akitegemewa na dunia nzima, chakula kikamdhuru kabla ya mbio, na kwenye marathoni akaambulia nafasi ya 13. Usianze kwa kasi ya wenyeji. Kunywa kidogo kidogo, na usidhani maji mengi mno ni usalama, maana maji yakizidi chumvi ya mwili inazimuliwa, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Andika jina lako kifuani kwa herufi kubwa, wageni watalitamka vibaya lakini watakuita, na kuitwa kunasaidia. Na mwambie mtu mmoja hotelini utatoka saa ngapi na unatarajia kurudi saa ngapi.

Kwa viongozi wa riadha na wafadhili, ombi langu ni moja: mnapopanga bajeti ya safari, kocha, daktari na mkandaji wawe watu wa kwanza kwenye orodha baada ya mwanariadha mwenyewe. Wawe mbele ya wajumbe na mbele ya sare za sherehe.

Na kwenu ndugu wasikilizaji, mwanariadha wetu atakapokwenda tena nchi za watu, akamaliza wa arobaini au akasimama njiani, msikimbilie simu kumtukana. Muulizeni kwanza anaendeleaje, muulizeni nani alikuwa naye kule, na jibu likiwa hakuna, waulizeni waliomtuma.